Kitabu ndani ya simu isiyo na moto ni kitabu kilichofungwa

Familia inapokimbia mapigano, vitu inavyobeba vinajulikana: godoro, sufuria, bidoni ya maji, kikwembe cha kumfunga mtoto mgongoni. Na simu. Simu haiachwi nyuma hata katika nyumba ambayo mbuzi wameachwa. Mama anaifunga katika fundo la kikwembe pamoja na pesa, kwa sababu ndani yake kuna namba za ndugu, picha ya kadi ya mpiga kura na buletini ya mtoto. Siku hizi mara nyingi kuna vitabu pia: masomo ya hesabu yaliyotumwa na mwalimu, hadithi, Biblia ao Kurani, na itemu za mtihani wa taifa za miaka iliyopita.

Kutoka Kitshanga mpaka Sake kwa miguu, pamoja na watoto, ni safari ya siku, si ya saa. Usiku wa pili simu inazimika. Kuanzia pale, kila kitu kilichokuwa ndani yake kinakuwa kama hakipo. Mtoto hawezi kusoma somo lake. Mama hawezi kusoma ujumbe unaomwambia mume wake yuko wapi. Mfinalisti aliyebakiza miezi michache kabla ya mtihani anabeba mfukoni maktaba nzima, na hawezi kufungua hata ukurasa mmoja.

Jambo hili linasemwa kidogo sana katika mikutano mingi inayofanywa kwa jina la waliohama makwao. Wanaoleta vitabu vya simu na tableti huongea juu ya programu, juu ya masomo, juu ya mtoto wa kesho. Juu ya moto wa kuwasha chombo chenyewe, kimya. Na bila moto hakuna kitabu.

Simu imekuwa maktaba kwa sababu nzuri

Kwanza haki itendeke. Anayesema vitabu virudi vyote kwenye karatasi na simu zitupwe, hajawahi kukimbia. Kadi ndogo ya memori, isiyozidi ukucha, inabeba vitabu ambavyo mtu mzima hawezi kuviinua. Vitabu vya karatasi vya shule nyingi za Masisi na Rutshuru vilibaki kule: vingine vilinyeshewa baada ya mabati kuondolewa, vingine viliwashia moto wa jikoni wa watu wenye silaha ao wa wakimbizi wenzao waliolala katika madarasa. Mwalimu aliyetawanyika na wanafunzi wake hana namna nyingine ya kuwafikia isipokuwa kundi la WhatsApp. Anapiga picha ukurasa wa kaye yake, anautuma, na mtoto aliye Bulengo, mwingine aliye Minova na mwingine aliyevuka mpaka wanapata somo lilelile siku ileile. Hilo ni jambo kubwa. Miaka ya 1990, waliokimbia hawakuwa nalo.

Basi ugomvi si na simu. Ugomvi ni na wale wanaotoa kitabu na kunyima taa, kisha wanaandika katika ripoti kwamba mtoto amepata kitabu.

Hesabu ambayo haifanywi

Simu nyingi za skrini kubwa zinazouzwa Goma na Bukavu zina betri iliyoandikwa 5,000 mAh. Kwa kipimo cha nguvu ni kama wati-saa 19. Betri ikiwa mpya na mwanga wa skrini ukipunguzwa, mtu anaweza kusoma saa kumi ao zaidi. Hiyo ni hesabu ya dukani.

Barabarani hesabu ni nyingine. Betri ya mkimbizi si mpya. Betri ya lithiamu ikishachajiwa mara 500 hivi, mara nyingi inabaki na asilimia 80 ya nguvu yake ya kwanza, na nyingine chini ya hapo kama imezoea kuungua juani. Tena simu iliyo mbali na mnara wa mtandao haitulii. Inatafuta mtandao muda wote, na kila inapotafuta inapiga kelele kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Minara inapozimwa na vita ao inapokosa mafuta, simu inakula betri yake yenyewe mfukoni bila mtu kuigusa. Ndiyo maana watu hushangaa: iliondoka Kitshanga na asilimia 70, na haikusomwa hata kidogo, lakini imefika Sake imekufa.

Kisha inakuja meza ya kuchaji. Kila mahali palipojengwa mabashi, meza hiyo inatokea kabla ya shule: kijana mwenye paneli moja ya jua ao jenereta ndogo, waya wenye matundu mengi, na simu ishirini zenye vipande vya karatasi vya namba. Kijana yule hana kosa kwa kutafuta maisha. Lakini tuseme anatoza franka 300 kwa simu moja, na familia inachaji kila siku ya pili. Kwa mwezi ni mara 15, yaani franka 4,500. Pesa hiyo inatoka katika mfuko uleule unaonunua unga, sabuni na makala. Pesa inapopungua, kitu cha kwanza kuachwa ni kusoma. Simu inawashwa dakika tano jioni kuangalia kama kuna ujumbe, na inazimwa.

Tena anayelipa halipwi kila mara kwa haki. Chaja dhaifu inayotoa nusu ampia inahitaji zaidi ya saa kumi kujaza betri ya 5,000 mAh. Simu ishirini zikigawana paneli moja siku ya mawingu, kila moja inapata tone. Mama anakuja jioni, anaambiwa imejaa, anafika hemani anakuta asilimia 35. Siku inayofuata analipa tena. Hakuna anayepima, na hakuna anayeuliza.

Ubaya mwingine uko sokoni: pawabenki bandia. Nje imeandikwa 30,000 mAh, na ndani kuna betri mbili ndogo na mchanga ao kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Hata iliyo ya kweli ya 10,000 mAh haijazi simu ya 5,000 mara mbili kama watu wanavyofikiri, kwa sababu nguvu nyingine inapotea ikibadilishwa kutoka betri moja kwenda nyingine. Inajaza mara moja na zaidi kidogo. Anayejua hilo kabla ya kununua hatapoteza pesa ya wiki mbili.

Tableti zinazokufa kabatini

Juu ya hayo yote, inakuja sherehe ya tableti. Sanduku linafunguliwa, picha zinapigwa, watoto wanashika vioo vinavyong'aa, kiongozi anasema maneno. Gari linaondoka. Wiki inayofuata mwalimu anabaki na tableti thelathini na tundu moja la umeme, ao hana hata tundu.

Hesabu yake si ngumu. Tableti ndogo ya mtoto inahitaji kama wati-saa 20 kujaa. Thelathini zinahitaji wati-saa 600 kila zinapokwisha. Paneli ya wati 200 ikipata jua zuri la saa nne inatoa kama wati-saa 800, na baada ya kutoa kinachopotea njiani zinabaki za kutosha. Yaani paneli moja kubwa, betri moja ya kuhifadhi, kisanduku cha kugawa umeme, na mtu mmoja wa kuvilinda usiku. Hicho tu. Si bwawa la umeme, si mradi wa miaka kumi. Shirika lililoweza kununua tableti thelathini na kuzisafirisha mpaka Kivu haliwezi kusema halikuweza kununua paneli moja. Halikufikiria, kwa sababu waliopanga wanaishi mahali ambapo tundu la umeme liko ukutani kama mlango ulivyo.

Kuna hasara nyingine ambayo haisemwi kwa wafadhili. Betri ya lithiamu haipendi kulala tupu. Tableti ikifungiwa kabatini ikiwa na asilimia sifuri, inaendelea kupungua polepole kwa miezi. Ikishuka sana, kinga iliyo ndani ya betri inakataa kuchajiwa tena, na chombo kinakuwa kibao cha kukatia sombe. Shule ikifungwa ghafla kwa sababu ya mapigano, hakuna mwalimu anayekumbuka kuacha tableti zikiwa nusu. Na hakuna aliyemwambia kwamba nusu ndiyo salama. Mafunzo ya siku mbili yalimwonyesha jinsi ya kufungua programu. Dakika kumi za kueleza betri hazikupatikana.

Nchi ya betri, watu wa giza

Hapa inabidi lisemwe jambo ambalo linauma zaidi. Wengi hapa Kivu wanaamini betri ya simu inatengenezwa kwa coltan. Sivyo. Coltan ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantalamu, ambayo inaingia katika vipande vidogo sana vya ubao wa ndani wa simu. Kinachoingia katika betri za simu na tableti nyingi ni kobalti, na kobalti inatoka upande wa Kolwezi na Likasi. Tangu mwaka 1980, John Goodenough na wenzake huko Oxford walipoonyesha kwamba kobalti inaweza kushika nguvu ya lithiamu, na tangu 1991, kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri hizo, dunia imekuwa ikisoma, ikiandika na kuongea kwa msaada wa madini haya. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Congo.

Na katika Congo hiyohiyo, takriban mkaaji mmoja tu kati ya watano ndiye anapata umeme. Waya mkubwa unaotoka Inga mpaka Kolwezi unapita kama kilomita 1,700 juu ya vijiji ambavyo usiku vinaona mwezi tu. Mtu wa Masisi anakimbia mlima wenye madini ya simu, akiwa na simu yenye madini ya Kolwezi, na anakosa franka 300 za kuiwasha. Mtu anayetaka kuelewa maana ya neno dhuluma hahitaji kwenda chuo kikuu. Aende kwenye meza ya kuchaji saa kumi na moja jioni.

Sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya nyumba inayofaa, ya maji safi na ya umeme inahakikishwa. Kifungu cha 43 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na bila malipo katika shule za serikali. Hakuna mahali palipoandikwa: isipokuwa kwa mtu anayelala chini ya bashi. Mtoto aliyehama ni raia yuleyule aliyekuwa raia kijijini. Na yeyote anayeshika mamlaka mahali watu hao walipo, kwa jina lolote na kwa bendera yoyote, amechukua pamoja na kodi na vizuizi vya barabarani deni hilo pia.

Si kweli kwamba Kivu haina nguvu za umeme. Mito ya hifadhi ya Virunga inazungusha mashine za Matebe, Rutshuru, tangu 2015, na umeme huo umewasha sehemu kubwa ya Goma. Ruzizi inawasha Bukavu, hata kama taa zinakwenda na kurudi. Waya zilipita karibu kabisa na watu waliokuwa Kanyaruchinya wakinunua moto wa simu kwa bei ya mkimbizi. Kilichokosekana si maji ya mto. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba tundu kumi za bure mahali pa watu elfu kadhaa ni jambo la maana.

"Watu wana njaa, ninyi mnaongea betri"

Hilo ndilo jibu linalotolewa kila mara, na linastahili kujibiwa. Ni kweli chakula, maji na dawa vinatangulia. Lakini taarifa ya chakula chenyewe inakuja wapi? Inakuja kwa ujumbe wa simu. Msaada wa pesa kupitia simu unakuja wapi? Kwenye simu. Simu iliyozimika siku ya ugawaji ni familia iliyokosa zamu yake. Mashirika yenyewe yamehamisha mambo yao kwenye simu za watu, kisha yanasema kuchaji ni anasa. Aliyefunga mlango wa ofisi na kuweka kazi yake ndani ya simu ya mama, anadaiwa moto wa simu hiyo.

Wengine wanasema dawa iko: vile vyombo vya kusomea vya wino wa kielektroniki, kama Kindle, ambavyo betri yake inadumu wiki nyingi. Wana ukweli wao. Skrini hiyo haiwaki kama ya simu. Ukurasa ukishaandikwa unabaki pale bila kula nguvu, na betri inatumika zaidi wakati wa kugeuza ukurasa. Mchana juani inasomeka vizuri kama karatasi. Lakini ahadi ya "wiki sita" isomwe mpaka maandishi madogo: makampuni hupima kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku, mtandao ukiwa umezimwa. Wiki sita za nusu saa ni saa 21. Watoto watano wakipokezana chombo kimoja saa nne kwa siku, kitakwisha siku ya sita. Bado ni bora kuliko tableti, mara nyingi zaidi. Lakini kioo chake kinavunjika kikikaliwa ndani ya mfuko, na hakuna fundi mtaani mwenye kioo kingine. Chombo kizuri bila tundu na bila fundi ni ahadi tu.

Na kuna wanaosema kwa dharau: basi warudi kwenye redio na karatasi, kama zamani. Wanalisema kama tusi, kumbe ndilo neno la busara katika mazungumzo haya yote. Mwaka 2020, shule zilipofungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, masomo yalipita redioni, na mtoto mwenye redio ya mawe mawili alisoma pamoja na mtoto wa tajiri. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika. Katika siku kama zile, simu yenye vitabu mia haimshindi jirani mwenye redio ndogo na mawe mapya. Na daftari lenye somo lililoandikwa kwa mkono halijui kama umeme umekatika.

Karatasi si adui wa simu. Karatasi ni mahali pa kuweka kile ambacho mtu hawezi kuvumilia kukipoteza betri ikizimika.

Kinachodaiwa

Yanayodaiwa si mengi, na hakuna hata moja linalosubiri amani ya nchi nzima.

La kwanza: chombo chochote cha kusomea kisigawiwe bila chanzo chake cha umeme, na chanzo hicho kiandikwe katika bajeti ileile, siku ileile. Tableti bila paneli isipokelewe. Kamati za wakimbizi, wazazi na wakuu wa shule wana haki ya kusema asante, rudini na kitu kamili. Kukataa zawadi nusu si utovu wa shukrani.

La pili: kila mahali watu waliohama wanapokaa, iwe kambini, shuleni, kanisani, msikitini ao katika familia za wenyeji, kuwe na meza moja ya kuchaji bila malipo, yenye orodha ya zamu. Wanafunzi wa mwaka wa mtihani na wanawake walio peke yao na watoto watangulie. Kijana wa meza ya kulipia asifukuzwe. Aajiriwe kuisimamia, maana kazi anaijua kuliko mhandisi wa kutoka mbali.

La tatu: somo lolote linalotumwa kwa simu litumwe kwa umbo jepesi. Video ya dakika ishirini inakula betri na pesa ya mtandao. Maandishi ya ukurasa mmoja yanasomwa kwa dakika tano na kunakiliwa kwenye kaye. Na kurasa za maana zaidi zichapishwe: nakala chache za itemu kwa kila kundi la wafinalisti zinagharimu kidogo kuliko kioo cha tableti moja.

La nne: tangazo lolote la ugawaji, la chanjo ao la shule lisiishie kwenye ujumbe wa simu. Lisomwe redioni, libandikwe ubaoni, lipigiwe mbiu. Mtu asinyimwe haki yake kwa sababu betri yake ilikwisha.

Na nyumbani pia kuna kazi

Lawama zote zisiwekwe kwa wakubwa. Kuna nyumba ambazo simu inatoka kwenye meza ya kuchaji ikiwa imejaa, kijana anaimaliza kwa mpira na video za vichekesho kabla ya giza, na dada yake aliyesubiri kusoma anaambiwa moto umekwisha. Mara nyingi anayesubiri ni msichana, na mara nyingi ndiye aliyepanga foleni ya kuchaji. Mzazi anayeona hivyo na kunyamaza amechagua nani atasoma nyumbani kwake.

Betri inaweza kudumishwa, na kila familia inaweza kuanza leo jioni. Safarini, simu iwekwe kwenye alama ya ndege, ifunguliwe kwa saa zilizopangwa tu, asubuhi na jioni. Mwanga wa skrini upunguzwe mpaka macho yanapoanza kulalamika, kisha upandishwe kidogo. Vitabu na masomo vipakuliwe mapema vikae ndani ya simu, maana kusoma bila mtandao kunakula kidogo. Simu isiachwe juu ya bati ao juu ya paneli ikichajiwa: joto linaua betri haraka kuliko matumizi. Ikae kivulini, waya ndio ufike juani. Isingojewe ifike sifuri, na isihifadhiwe tupu. Kama simu ya zamani ya vibonye bado ipo, ndiyo ibebe namba na ujumbe, kwa kuwa inadumu siku kadhaa, na ile ya skrini kubwa ibaki kitabu. Na namba tatu za ndugu, pamoja na jina la shule ya mtoto na darasa lake, ziandikwe kwenye karatasi, zifungwe ndani ya plastiki, zishonwe kwenye nguo. Hiyo ndiyo betri isiyokwisha.

Lakini haya ni maarifa ya kuvumilia, na kuvumilia si haki. Waliohama makwao wamefundishwa kuvumilia mambo mengi mno: kupika mara moja, kulala kumi chini ya bashi moja, kurudishwa walikotoka kabla mahali pale hapajatulia, kama ilivyokuwa kwa wengi kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025. Sasa wanafundishwa kuvumilia kitabu kisichofunguka.

Wasikubali. Safari hii, gari la tableti likifika na watu wakipangwa kwa picha, mzazi mmoja anyooshe mkono kabla ya kamera na aulize swali moja kwa sauti: tutazichaji wapi? Kama hakuna jibu, hakuna picha.